Frank Zappa na Santuri ya Ving'ora

Ndugu msomaji, hebu niambie, waweza kuitafuta santuri moja tu kwa muda gani? Frank Zappa aliitafuta yake zaidi ya mwaka mzima.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 21 Desemba 1940 mjini Baltimore, Marekani. Babake alikuwa mhamiaji kutoka Sisilia, na kazi za baba ziliihamisha familia huku na kule mpaka ikafika California. Huko ndiko Frank, kijana wa rika letu hivi, aliposoma gazetini habari za mwenye duka aliyesifiwa kwamba angeweza kuuza hata santuri mbovu kuliko zote. Santuri yenyewe ilikuwa ya Edgard Varèse, mtunzi mzaliwa wa Ufaransa. Ndani yake mlikuwa na Ionisation, kazi ya wapigaji 13 wenye ngoma, matoazi na ving'ora. Mwingine angecheka akafunua ukurasa wa pili. Yeye alianza kuisaka.

Siku alipoiona dukani, pesa zikapelea! Bei ilikuwa karibu dola 6. Muuzaji akampunguzia, nadhani kwa furaha ya kuondolewa mzigo. Nyumbani, mama hakutaka kuisikia sebuleni, basi ikahamia chumbani kwa Frank. Humo ikachezwa na kuchezwa tena, sako kwa bako na santuri za bluzi za Howlin' Wolf na Johnny "Guitar" Watson. Hapo ndipo pa kushangaza. Sisi hugombana bwenini, huyu wa rege, yule wa lingala, lakini Frank hakuona mpaka wowote kati ya king'ora na gita. Vyote vilikuwa vitamu kwake.

Alipotimiza miaka 15, zawadi aliyotaka ilikuwa kumpigia Varèse simu New York. Lakini wapi! Mzee alikuwa Ubelgiji, akaishia kuongea na mkewe. Varèse alifariki mwaka wa 1965 na wawili hao hawakuwahi kuonana.

Mwaka uliofuata bendi ya Zappa, Mothers of Invention, ilitoa Freak Out!, santuri mbili katika jalada moja. Nyimbo za mapenzi zenye kejeli zilikaa humo pamoja na makelele ambayo hata leo yanawakimbiza wageni. Jina la Varèse liliandikwa jaladani miongoni mwa waliomchochea.

Kisha, Desemba 1971, mtu mmoja alimsukuma kutoka jukwaani jijini London. Alikaa kitini cha magurudumu kwa miezi, na sauti yake ikawa nzito tangu hapo. Hakuacha kazi. Mnamo 1983 alilipa mwenyewe Okestra ya Simfoni ya London irekodi tungo zake, na Februari mwaka huohuo, mjini San Francisco, alisimama mbele ya wapigaji akaiongoza Ionisation. Ile ile ya chumbani!

Saratani ya tezi dume iligunduliwa 1990, ikiwa imechelewa. Hata hivyo, Julai 1993, hali ikiwa mbaya, aliwaita wanamuziki wa Ensemble Modern kutoka Ujerumani waje Los Angeles kurekodi kazi za Varèse chini ya usimamizi wake. Alifariki tarehe 4 Desemba 1993, akiwa na miaka 52.