Shahidi Aliyelipiwa Ada

Sisi wanachuo tunaopanga Daraja Mbili tunajua boom likichelewa mtu anawaza nini. Basi mfikirie Rawson Macharia, mtu wa Kiambu, mwaka 1952. Serikali ya kikoloni ya Kenya inamwahidi nauli ya ndege mpaka Uingereza, kozi ya miaka miwili ya serikali za mitaa, matunzo ya familia yake, na kazi akirudi. Yote kwa maandishi. Anachotakiwa ni kutoa ushahidi tu.

Kesi ilikuwa ya Kapenguria, ya Jomo Kenyatta na wenzake watano. Macharia alikuwa shahidi wa kwanza wa mashtaka. Akaapa kwamba Machi 1950 alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo cha Mau Mau. Mashahidi kumi wa utetezi wakampinga, lakini hakimu Ransley Thacker akamwamini yeye mmoja. Aprili 1953 Kenyatta akapigwa miaka saba na kazi ngumu.

Utetezi haukuonyeshwa ile ahadi. Hilo kwangu ndilo kosa kubwa kuliko yote. Mahakama ya Rwanda, iliyoketi hapahapa Arusha pale AICC, ilimlazimisha mwendesha mashtaka kutoa hata ushahidi unaomsaidia mshtakiwa. Kapenguria nani angeuliza? Mji ulikuwa mbali na dunia, mawakili wakilala Kitale.

Macharia akaenda, akasoma, akarudi. Mwishoni mwa 1958 akasaini hati ya kiapo: nilidanganya, nililipwa, na si mimi peke yangu.

Sasa angalieni ujanja. Kama alisema uongo Kapenguria, kosa lake lilikuwa ushahidi wa uongo mahakamani. Lakini kumshtaki kwa hilo ni kukiri kwamba Kenyatta alifungwa kwa uongo. Kwa hiyo wakamshtaki kwa hati mpya: ati uongo ni huu wa 1958, ule wa 1952 ulikuwa ukweli mtupu! Serikali iliyotuhumiwa kununua shahidi ndiyo iliyochagua shtaka. Barua ya ahadi ikatokea mahakamani, serikali ikasema ilikuwa ya kumlinda shahidi. Macharia akala miezi 21.

Simfanyi malaika, jamani. Alimuuza mtu kwa kozi, akakaa kimya karibu miaka sita. Ila alipodanganya alipewa ndege, na aliposema alidanganya akapewa jela. Shahidi mwingine akiona hivyo atafungua mdomo kweli?

Kenyatta hakunufaika. Kifungo kilipoisha Aprili 1959 alipelekwa Lodwar kuwekwa kizuizini, akaachiwa Agosti 1961. Macharia aliishi mpaka 2008. Mwaka 1991 alitoa kitabu akieleza kesi ile kwa upande wake, Kenyatta akiwa kaburini miaka 13.