Guglielmo Marconi na Simu ya Upepo

Je, umepata kusimama kando ya Ziwa Jipe na kumwita mvuvi aliye mbali majini? Sauti hupotea njiani. Lakini redio ndogo huleta habari bila waya kutoka miji ya mbali, ya Tanzania na ya Kenya iliyo ng'ambo ya ziwa.

Mawimbi ya redio yalionyeshwa kwanza na Heinrich Hertz wa Ujerumani. Aliyeyatumia kupeleka habari mbali ni Guglielmo Marconi, aliyezaliwa Bologna, Italia, tarehe 25 Aprili 1874. Mwaka 1895, nyumbani kwa baba yake, alirusha mawimbi kwa cheche za umeme. Chombo kilichowekwa nyuma ya kilima kikayapokea, na msaidizi akafyatua bunduki ili Marconi ajue. Mwaka uliofuata alihamia Uingereza.

Tatizo likazuka. Mitambo ya cheche ilitoa mawimbi ya namna nyingi kwa pamoja. Fikiri darasa zima likijibu mara moja: mwalimu atamsikia nani? Mwaka 1900 Marconi aliandikisha uvumbuzi wake, hati nambari 7777. Alikaza mtambo wa kupeleka na chombo cha kupokea vilingane, kama nyuzi mbili za zeze zenye mlio mmoja. Haki ituongoze tutaje pia Oliver Lodge, Mwingereza aliyeandikisha wazo kama hilo mwaka 1897.

Hata hivyo mitambo iliendelea kuingiliana. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 fundi wa simu wa meli Titanic alikuwa akizungumza na stesheni ya Cape Race. Meli jirani, Californian, ikamweleza habari za barafu. Mlio wake wa nguvu ulifunika ule wa Cape Race, naye akaambiwa anyamaze. Fundi wa Californian akazima chombo chake, akalala. Punde Titanic iligonga barafu na kuomba msaada. Californian haikusikia. Carpathia, iliyokuwa mbali zaidi, ilisikia, ikaokoa watu 700 hivi. Watu wapatao 1,500 walikufa.

Marconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1909 pamoja na Karl Ferdinand Braun. Alifariki Roma tarehe 20 Julai 1937. Stesheni za redio za Uingereza zilinyamaza kwa dakika mbili.

Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kiliunganisha kompyuta kwa redio. Habari zilikatwa vipande vidogo, kila kimoja na anwani yake. Vipande vikigongana, kila mtumaji alisubiri muda wa kubahatisha, kisha akatuma tena. Intaneti ya simu za mkononi nayo hupeleka habari kwa vipande, vikigawiwa zamu na njia mbalimbali.

Jioni washa redio, uzungushe polepole kile kinachotafuta stesheni. Hesabu stesheni unazozisikia, uandike ni wapi sauti mbili zinaingiliana.