Daniel Boone: ardhi aliyoitafuta na wana aliowazika

Wamarekani wanamkumbuka Daniel Boone kama shujaa wa porini. Leo tuitazame nyumba yake, tuone vita vya ardhi viliigharimu nini.

Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1734. Wazazi wake, Squire na Sarah, walikuwa wa Kanisa la Marafiki, watu wanaokataa kubeba silaha. Hata hapa kwetu Maziwa Makuu wako. Watoto wawili wa Squire walioana na watu wa nje ya kanisa. Kwa yule wa pili baba alikataa kukiri kosa, akatengwa. Mwaka 1750 jamaa ikahamia kusini, hadi bonde la mto Yadkin, North Carolina. Huko Daniel alimwoa Rebecca Bryan mwaka 1756, wakazaa watoto kumi.

Daniel alikuwa mwindaji, na moyo wake ulivutwa na Kentucky, ng'ambo ya milima. Lakini nchi ile ilikuwa mawindo ya Washawnee na Wacherokee. Mwaka 1773 alipojaribu kuhamia huko na jamaa yake, mwanawe wa kwanza, James, mwenye miaka 16, aliteswa na kuuawa njiani. Daniel hakuacha. Mwaka 1775 alifungua njia milimani na kujenga ngome ya Boonesborough.

Mwaka huohuo vita vya Wamarekani na Waingereza vilianza, na Boone akawa afisa wa wanamgambo. Julai 1776 binti yake Jemima alitekwa na wasichana wengine wawili. Baba aliwafuata na kuwaokoa. Februari 1778 akatekwa yeye mwenyewe. Blackfish, mkuu wa Washawnee, akamfanya mwanawe. Rebecca alidhani mumewe amekufa, akarudi North Carolina na watoto. Jemima, aliyekuwa ameolewa, alibaki ngomeni. Juni Boone aliposikia kwamba ngome itashambuliwa, alitoroka, akasafiri kilometa 250 hivi kwa siku chache. Septemba ngome ilizingirwa, lakini haikuanguka. Baadaye watu wake walimshtaki kwa usaliti. Mahakama ya kijeshi ikamwona hana hatia.

Mwaka 1780 ndugu yake Edward aliuawa wakiwa mawindoni. Tarehe 19 Agosti 1782, Blue Licks, Boone alionya kwamba adui amejificha mbele. Hawakumsikiliza. Watu wapatao 70 walikufa, na kati yao mwanawe Israel, mwenye miaka 23. Baada ya siku chache baba alirudi kuwazika wafu.

Na ardhi yenyewe? Karatasi zake hazikuandikishwa vizuri. Kesi na madeni vikamnyang'anya mashamba yake ya Kentucky. Mwaka 1799 alihamia Missouri, nchi iliyokuwa chini ya Hispania, akapewa shamba. Marekani ilipoichukua nchi ile, hilo nalo lilimtoka. Bunge lilimrudishia mwaka 1814, lakini Rebecca alikuwa amekufa mwaka mmoja mbele. Sehemu kubwa aliiuza ili kulipa madeni. Alikufa tarehe 26 Septemba 1820 katika nyumba ya mwanawe Nathan.

Washawnee nao walizika wana wao kwa ajili ya nchi hiyohiyo, kisha wakaipoteza. Kijana anayeitwa kushika bunduki kwa ajili ya ardhi ahesabu kwanza: ni nani atakayebaki kuilima?