Luigi Broglio, aliyerusha roketi Malindi

Wasikilizaji wetu wa Ngaramtoni na Usa River mmeuliza kama chombo cha angani kinachorudi ardhini na kurushwa tena kinaaminika kwa safari za kila mara. Twende jirani, pwani ya Kenya, kwa mzee aliyetumia roketi za mara moja tu.

Luigi Broglio alizaliwa Mestre, Italia, mwaka 1911. Alikuwa mhandisi, profesa mjini Roma na afisa wa jeshi la anga. Tarehe 15 Desemba 1964 kikosi chake kilirusha satelaiti ya San Marco 1 kutoka Marekani. Lakini yeye alitaka ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa bure, tena mashariki kuwe na bahari tupu, vipande visije vikaanguka shambani kwa mtu. Akasimamisha majukwaa ya chuma baharini karibu na Malindi.

Kuanzia 1967 hadi 1988 roketi 9 aina ya Scout zilipeleka satelaiti kutoka pale, na zote zikafika. Moja ilirushwa 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Scout ilikuwa kama njiti ya kiberiti: huwezi kuijaribu kwanza, na ikishawaka huna cha kukagua.

Kati ya 1975 na 1988 hakuna satelaiti iliyotoka Malindi. Wamarekani walikuwa wameelekeza mizigo yao kwenye Space Shuttle, chombo cha kwenda na kurudi, kilichoahidiwa kuruka mara kwa mara kama basi. Tarehe 28 Januari 1986 Challenger ilisambaratika sekunde 73 baada ya kuondoka, watu 7 wakafa. Mpira wa kuzibia maungio ya roketi ya pembeni ulishindwa kwenye baridi. Linaloniuma ni kwamba roketi hizo ziliokotwa baharini baada ya safari, na mipira iliyoungua ilishaonekana miaka ya nyuma. Wakaendelea kuruka, kama dereva wa daladala mwenye tairi kipara anayepakia abiria kwa sababu jana alifika.

Broglio alirusha satelaiti yake ya mwisho Machi 1988, kwa Scout ile ile. Alifariki Januari 2001, na kituo cha Malindi sasa kina jina lake. Shuttle ziliruka mara 135 hadi 2011. Mbili zilipotea, na watu 14.

Aprili 2023 Kenya ilipeleka Taifa-1, satelaiti ya kupiga picha za ardhi, mashamba yakiwemo. Haikutoka Malindi. Ilibebwa kutoka California na Falcon 9, ambayo sehemu yake ya chini ilishawahi kuruka, na siku hiyo pia ikarudi ikatua wima.