Apolo Kivebulaya: Aliyeweka Bunduki, Akashika Jembe

Wanaume Wakristo wakutanapo baada ya ibada, iwe mtaani Nyamityobora mjini Mbarara au katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, swali moja halikosi kuzuka: mwanamume aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu ni mwanamume wa namna gani? Wengi hujibu upesi kwamba ni yule anayeogopwa. Maisha ya Kanoni Apolo Kivebulaya yanatoa jibu jingine, nalo latuhusu hasa sisi tuvaao sare na kubeba silaha.

Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864, akaitwa Waswa, jina la pacha wa kwanza. Ujana wake uliangukia zama za vita vya dini. Mwaka 1888 Wakristo wa Buganda walifukuzwa kwao, wakawa wakimbizi katika nchi ya Nkore, kwa Mfalme Ntare, aliyewapa hifadhi. Katika machafuko hayo Waswa naye alibeba bunduki, kama vijana wenzake.

Mwaka 1895 alibatizwa kwa jina la Apolo, akapelekwa Toro kuwa mwalimu. Mwaka 1896 akavuka hadi Mboga, magharibi ya milima ya Ruwenzori, mahali ambapo leo ni Ituri, nchini Kongo. Walimu waliomtangulia walishindwa na njaa, kwa kuwa chifu Tabaro aliwanyima chakula. Apolo hakupora wala hakulalamika. Alishika jembe, akalima shamba lake mwenyewe.

Mateso yakazidi. Alipigwa viboko. Kisha ndugu wa kike wa chifu akaangukia mkuki uliokuwa katika nyasi, akafa. Apolo akashitakiwa kwamba amemwua, akafungwa, akapelekwa mahabusu Fort Portal. Katika dhiki ya siku zile, kama alivyoshuhudia baadaye, Kristo alimtokea akamtia nguvu.

Alipoachiwa huru alirudi Mboga, kwa watu wale wale waliomtesa. Hakwenda kulipiza kisasi, bali kufundisha. Baadaye Tabaro mwenyewe alibatizwa.

Apolo alipata upadri mwaka 1903. Mchumba wake alikuwa amekufa, naye hakuoa tena; katika nchi ambayo mwanamume hupimwa kwa wake na watoto, hakuona kuwa amepungukiwa. Tangu mwaka 1921 aliwaendea Wambuti wa msituni, ambao majirani waliwadharau kwa ufupi wao na kuwahesabu karibu na wanyama. Yeye aliona ndani yao mfano ule ule wa Mungu. Akawafundisha, akawabatiza, hata Injili ya Marko ikatafsiriwa katika lugha yao.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilitaka kichwa cha maiti kielekee mashariki. Yeye aliagiza chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa maana kazi ya huko ilikuwa haijakwisha.

Ndugu askari, kumpiga mtu aliyefungwa kamba hakuhitaji ushujaa. Hata mwoga aweza. Raia aliye mahabusu, mkimbizi aliyesimama kizuizini bila karatasi, mama anayelia mbele ya meza ya kituo, wote wamebeba sura ya Mungu. Anayeikanyaga sura hiyo ndani yao anaifuta ndani yake mwenyewe. Apolo alijua kutumia bunduki. Alipoiweka chini, uanaume wake haukupungua. Hapo ndipo ulipoonekana.