Florence Nightingale: Maisha Baada ya Kunusurika

Kila tarehe 12 Mei wauguzi wa hapa nchini huwasha mishumaa na kurudia kiapo chao. Ni siku aliyozaliwa Florence Nightingale, yule mwanamke tunayemuona kwenye picha akipita usiku na taa katikati ya vitanda vya askari. Wengi tunamfahamu kama muuguzi. Leo tunamzungumzia kama mgonjwa, kwa sababu wasikilizaji wetu hutuuliza swali hili mara kwa mara: ndugu yetu alilazwa wodi ya wagonjwa mahututi, akaruhusiwa, amerudi nyumbani, mbona hadi leo siye yule tuliyemjua?

Nightingale alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Florence, Italia, na jina lake limetoka huko. Wazazi wake walikuwa Waingereza wenye mali, na hawakutaka kabisa kusikia kwamba binti yao anakwenda kuhudumia wagonjwa. Yeye akashikilia msimamo wake. Novemba 1854 alifika Scutari, Uturuki, akiwa na wauguzi 38, kuwahudumia askari wa Uingereza waliokuwa wakipigana na Urusi katika rasi ya Crimea. Habari za hospitali ile, uchafu wake na askari waliokufa kwa maradhi kuliko kwa risasi, zinafahamika.

Mei 1855 alivuka Bahari Nyeusi kwenda Crimea kwenyewe, kukagua hospitali za Balaklava. Huko ndiko alikoanguka kwa homa kali, siku zilezile alizotimiza miaka 35. Askari walimbeba kwa machela hadi hospitali iliyokuwa kilimani. Nywele zake zikakatwa, naye akaweweseka, huku watu wakingoja habari ya msiba. Hakukuwa na dripu wala mashine ya oksijeni. Wodi za wagonjwa mahututi kama tunavyozijua sasa zilianza karibu miaka 100 baadaye huko Copenhagen, Denmark, kufuatia mlipuko wa polio wa mwaka 1952. Nightingale alikuwa na mtu wa kumuuguza tu, na bahati. Homa ikashuka. Madaktari wakamshauri arudi kwao apumzike, akakataa, akarudi kazini.

Alirejea Uingereza Agosti 1856, vita vimekwisha. Nchi nzima ilitaka kumpokea kwa shangwe, lakini yeye alisafiri kwa jina la Miss Smith ili asitambulike. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1857, mwili ukagoma. Moyo ulikwenda mbio, pumzi zilimbana akijitahidi kidogo tu, chakula hakikupita, usingizi ulikuwa wa shida. Mwishoni mwa 1861 mgongo ukaongeza mateso. Kwa miaka kadhaa alikuwa akibebwa kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Na juu ya hayo alipitia vipindi vya huzuni nzito.

Tuangalie watu walivyomchukulia, maana hapo ndipo kisa chake kinapofika hadi majumbani mwetu. Homa ilishapona, kidonda hakionekani, na mgonjwa anaandika barua kutwa. Wapo walioona anadeka. Wengine walisema anatumia ugonjwa kumkwepa mama yake na dada yake. Hata baadhi ya waandishi waliofuata waliuita ugonjwa wa akilini tu. Ni kweli kwamba aliutumia ugonjwa kuwafungia mlango watu wa kumpotezea muda. Lakini mtu anaweza kuumwa kweli na bado akachagua nani aingie chumbani kwake. Sisi hatuoni ugomvi kati ya mambo hayo mawili.

Mwaka 1995 makala katika jarida la madaktari wa Uingereza ilieleza kwamba dalili zake zinafanana sana na brusela, ugonjwa ambao wafugaji wetu wanaujua kwa ng'ombe na mbuzi kutupa mimba. Kwa binadamu huingia hasa kwa maziwa yasiyochemshwa, na usipotibiwa huweza kukaa mwilini miaka mingi, ukishambulia mgongo na kumwondolea mtu furaha. Wakati wa Nightingale hakuna aliyekijua kijidudu chake. Kiligunduliwa Malta mwaka 1887. Leo kuna kipimo na kuna dawa. Na maziwa, jamani, tuyachemshe.

Hata bila brusela, madaktari wa sasa wanajua kwamba anayetoka wodi ya wagonjwa mahututi huweza kubaki na misuli iliyolegea, kusahausahau, ndoto za kutisha na sonona, kwa miezi au hata miaka. Ndugu waliomuuguza nao huathirika. Basi siku ya kuruhusiwa, muulizeni daktari kuhusu mazoezi, chakula na tarehe ya kurudi kliniki. Akikosa usingizi au akikaa kimya kupita kiasi, mwambieni daktari hilo pia.

Nightingale alipanga maisha kulingana na nguvu alizobaki nazo. Alipokea mgeni mmoja mmoja, kwa miadi, hata akiwa ndugu. Kazi aliifanyia kitandani: mwaka 1859 kilitoka kitabu chake kuhusu ujenzi wa hospitali, mwaka 1860 shule yake ya wauguzi ikafunguliwa katika hospitali ya St Thomas' London, na kwa miaka mingi alishughulikia afya ya jeshi na vijiji vya India, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga. Kuuguza wodini hakurudi tena. Hilo lilikuwa pengo, na vitabu havikuliziba.

Alipozeeka maumivu yalipungua, akawa mpole zaidi, na wanafunzi wa uuguzi walikuja kunywa naye chai. Kisha macho yakafifia. Mwaka 1907 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa nishani ya Order of Merit. Alifariki London tarehe 13 Agosti 1910 akiwa na miaka 90, yaani miaka 55 tangu homa ya Balaklava. Ndugu zake walikataa azikwe Westminster Abbey pamoja na wakubwa wa nchi. Alizikwa kijijini East Wellow, jeneza likibebwa na askari, na kaburini jina lake limeandikwa kwa herufi mbili tu, F.N.