Wimbo Uliotutangulia Ulaya: Maisha ya Daudi Kabaka

Ndugu mwanachuo, kama unakaa hosteli unaujua ubishi wa Jumamosi usiku: msanii gani wa Afrika Mashariki ametoboa kweli kimataifa? Watu wanatoa simu, wanahesabu watazamaji, mpaka bando linakata. Mimi huwa nanyamaza, maana jibu langu ni la kizee. Leo acha nilitoe. Mwaka 1968, kabla wazazi wa wengi wetu hawajazaliwa, wimbo wa dansi uliotungwa Nairobi ulipanda hadi nafasi ya 14 kwenye chati ya Uingereza. Uliitwa Helule Helule. Mtunzi wake alikuwa Daudi Kabaka. Ila sauti iliyosikika kwenye redio za kule haikuwa yake.

Habari za Kabaka nilizipata kwa babu yangu, Ngara, upande wa kuelekea Rusumo. Kwetu ni mpakani, kwa hiyo redio haina uraia: ukizungusha kidogo unaingia Rwanda, ukizungusha tena uko Burundi. Enzi za ujana wake babu alikuwa akitafuta Nairobi usiku kwa masafa mafupi, na betri zikichoka anazianika juani ili zipate nguvu ya wimbo mmoja zaidi. Alipolisikia jina la Kabaka mara ya kwanza alidhani mfalme wa Buganda ameacha kiti akashika gitaa. Mpaka leo akilikumbuka hilo anacheka mwenyewe.

Kabaka alizaliwa mwaka 1939. Miaka ya 60 alijulikana akiwa Equator Sound Studios ya Nairobi, kampuni iliyoongozwa na Mwingereza Charles Worrod. Pale alikuwa pamoja na Fadhili William, yule wa Malaika, na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi Juma. Hao Wazambia walikuja na ladha ya gitaa la kusini, ile iliyokaribia kwela ya Afrika Kusini. Ukiichanganya na twisti iliyokuwa inatikisa dunia, unapata kitu kilichoitwa twisti ya Kiafrika, na Kabaka akaitwa mfalme wake.

Hapa tusimame kidogo. Twisti yenyewe ina kisa. Wimbo wa The Twist uliandikwa na kurekodiwa kwanza na Hank Ballard, Mmarekani mweusi, lakini dunia inamjua Chubby Checker, aliyeurudia na kuufikisha namba moja Marekani mwaka 1960, kisha tena mwaka 1962. Yaani mtindo aliouchukua Kabaka ulikuja tayari na hadithi ya mtu kurudia wimbo wa mwenzake na kubaki na jina. Miaka sita baadaye ikawa zamu yake.

The Tremeloes walikuwa vijana wa Kiingereza wenye jina kubwa. Mwaka 1967 walikuwa wameshika namba moja nchini kwao na Silence Is Golden. Waliirekodi Helule Helule kwa namna yao, wakaitoa kama santuri ndogo, ikafika hiyo nafasi ya 14. Ukitazama waandishi wa wimbo, jina la Kabaka limo. Lakini nani husoma maandishi madogo katikati ya santuri? Kijana wa London aliyekuwa anacheza aliwajua The Tremeloes basi.

Huku kwetu hapakuwa na chati za namna ile. Wimbo ulipimwa kwa miguu. Babu anasema Biharamulo kulikuwa na duka lenye gramafoni, na mwenye duka alijua wimbo upi ni mkali kwa kuangalia vumbi barazani jioni. Wahakiki walikuwepo pia, ila hawakuandika magazetini: walikuwa wazee walioona twisti ni kukata kiuno kwa kuiga wazungu. Wala Serikali haikukaa pembeni kwenye mambo ya dansi. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja ya kulinda utamaduni. Mimi hoja ya kuiga inanishinda nikiitazama Helule Helule. Ni nani alimuiga nani, ikiwa Waingereza ndio waliokuja kuchukua kwetu?

Kabaka hakuwa mtu wa wimbo mmoja. Aliimba Msichana wa Elimu, Pole Musa, na Harambee Harambee, ambayo redio ya taifa ya Kenya iliitumia kwa miaka mingi kabla ya taarifa ya habari. Baadaye alitoka Equator akapiga na African Eagles pamoja na Nashil Pichen. Alifariki Novemba 2001, mwaka uleule aliofariki Fadhili William. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa.

Sasa kwa nini nakuletea habari za marehemu wakati mtihani uko mlangoni? Kwa sababu mwaka jana nilikuwa mafunzo kwa vitendo, sekondari moja ya Biharamulo. Mwanafunzi wa kidato cha pili alitunga wimbo wa mahafali. Mimi niliupanga sauti, nikaongeza ubeti mmoja, nikasimama mbele kuongoza kwaya. Mgeni rasmi akamsifu mwalimu mtunzi, akatoa elfu 30. Nikapokea, nikainamisha kichwa. Soda walikunywa wote, ndiyo, lakini sifa niliondoka nayo peke yangu. Yule dogo alikuwa mstari wa pili, anapiga makofi.

Mwezi uliopita mkuu wa shule alinipigia simu. Wanataka kurekodi ule wimbo, na anaomba jina langu kamili la kuandika kama mtunzi. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Nilikaa kimya muda, akadhani mtandao umekata. Nikamwambia mtunzi ni mwanafunzi wake, nikamtajia jina. Akashangaa, akaniuliza mbona siku ile sikusema. Sikuwa na jibu zuri, na mpaka leo sina.

Wengi wetu wa ualimu tutapangiwa shule ambazo watoto wanatunga, wanachora na kubuni vitu ambavyo hakuna chati itakayovipokea. Daftari la kwanza la kuandika nani katunga nini litakuwa mkononi mwetu. Kabaka angalau alipata maandishi madogo kwenye santuri. Yule dogo wa Biharamulo nusura akose hata hayo, na wa kumnyima ningekuwa mimi, mwalimu wake.